Mwanamke wa Dirishani

Mama wa mikate alikuwa wa kwanza kutuona tukishuka kwenye basi, na alinisalimu kama mtu niliyeachana naye jana.

"Leo umechelewa," aliniambia, akiingiza mkono chini ya kitambaa cha kapu lake. "Nikasema labda unaumwa. Shika, nimekuwekea ule wa ukoko mgumu."

Nilisimama na begi langu, mkate mkononi. Sikuwa nimekanyaga mji ule tangu mume wangu afariki. Wifi yangu, ambaye bado alikuwa anavutana na sanduku lake kwenye buti la basi, aligeuka akanitazama, kisha akamtazama yule mama.

"Amekufananisha," alininong'oneza tulipokuwa tunapanda njia. "Hawa watu wa baridi, hata macho yao yanaganda."

Nilicheka kidogo. Lakini mkate ulikuwa wa moto, na ni kweli kwamba mimi hupenda wenye ukoko mgumu.

Mimi ni mshonaji wa magauni ya harusi. Zamani, kazi ilipokuwa inakubali, mimi na mume wangu tulinunua nyumba ndogo katika mji ule wa milimani, ng'ambo ya mpaka, tukawa tunakwenda kupumzika kila tulipopata likizo. Tulipomzika nilishindwa kurudi. Funguo za akiba nilimwachia jirani yetu wa huko, seremala mmoja mpole, nikamwomba aitazame tazame. Kisha nchi ile ikapata wakubwa wapya, na wakubwa wapya wakaja na amri yao: mgeni yeyote mwenye nyumba aombe kibali cha ukaazi, na kibali hakipatikani mpaka ithibitike kwamba msimu wa baridi uliopita aliishi humo kweli. Asiyeishi, nyumba inafungwa na kuchukuliwa.

Mama yangu hakutaka niende. "Nyumba ya kupumzikia imekuwaje ya kuhangaikia?" aliniuliza. "Iache. Ukienda huko hurudi, mimi nakujua." Alipoona nimeshakaza kichwa, akamtuma wifi anisindikize. Wifi hakunificha neno. "Mimi hapa ni askari," aliniambia kwenye basi, mdomo umejaa karanga. "Nimetumwa nikupeleke na nikurudishe."

Njia yetu ilikuwa kimya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti, na karibu kila mlango ulikuwa umebandikwa utepe mwekundu wa serikali. Zile zilikuwa nyumba za wageni wenzangu, watu niliozoea kuwaona wakianika taulo na kugombeza watoto. Sasa hapakusikika hata kikohozi. Sauti iliyokuwapo ni moja tu, ya randa ikipita juu ya ubao, inakwenda na kurudi.

Tulipofika kwenye lango langu, randa ikanyamaza. Seremala alitoka kwenye karakana yake ya jirani, nywele zimejaa vumbi la mbao, penseli sikioni. Aliniona. Hakutabasamu. Aliinua macho akatazama dirisha la juu la nyumba yangu, akanitazama tena mimi, na rangi ikamtoka usoni.

"Karibuni," alisema. "Sikukuona ukitoka."

"Nikitoka wapi?"

"Ndani."

Wifi alipiga chafya, na sijui kwa nini chafya ile ilinitisha.

Nilifungua mlango. Nilitarajia vumbi, unyevu, buibui. Nyumba ilikuwa na joto. Ilikuwa na harufu ya nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi. Vikombe vilikuwa vimepangwa nilivyozoea kuvipanga, mikono yote imeelekea ukutani, jambo ambalo mume wangu alikuwa akinicheka nalo. Huko juu, cherehani yangu niliyoiacha imefunikwa ilikuwa wazi, na sindano ilikuwa na uzi wa buluu. Niligusa kiti. Kilikuwa na joto la mtu.

Wifi alishuka ngazi mbio, kanga imemvuka begani, akamkuta seremala bado amesimama langoni.

"Wewe baba," alimwambia, "tusizungushane. Umempangisha nani nyumba ya kaka yangu?"

"Sijampangisha mtu, dada."

"Basi nani analala humu?"

Seremala alininyooshea kidole, taratibu, kama mtu anayeona aibu kunyoosha kidole.

"Yeye," alisema.

Aliomba tuzungumze wawili. Wifi alikataa, kisha akakubali kwa masharti yake: yeye akae jikoni, sisi tusimame pale kwenye ukuta wa bustani. "Mlango nauacha wazi," alisema, "na masikio pia."

Ukuta ule ulitufika kifuani. Yeye alisimama upande wake, mimi upande wangu. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyomtazama mtu anapozungumza naye, hapepesi, kana kwamba anapima ubao anaoogopa kuuharibu.

"Baridi ilipoanza niliona taa juu," alisema. "Nikajua umerudi. Nikasema nisikusumbue, una msiba. Halafu siku moja jioni nilikuwa naokota kuni hapa, ukafungua dirisha ukanisalimu."

"Sikuwa mimi."

"Sauti ilikuwa yako. Baada ya hapo tukawa tunazungumza. Wewe pale dirishani, mimi hapa. Nilikwambia habari za mke wangu aliyeniacha. Nilikwambia mambo ambayo sijamwambia hata ndugu yangu. Wewe unashona, unaitikia. Nilipokuomba ushuke tunywe chai, hukushuka. Nilipokupa mkono, hukuupokea. Nikasema ni majonzi, yatapita." Alichezea penseli yake. "Mwisho nikakwambia nakupenda."

Moyo ulinipiga, na ulinipiga kwa wivu. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ulivyokuwa. Mwanamke asiyekuwapo alikuwa ameambiwa neno ambalo mimi, mwenye nyumba, sikuwa nimeambiwa na mtu tangu nivae nguo za msiba.

"Akasemaje?" niliuliza.

"Akasema na yeye ananipenda."

"Vizuri. Basi mwoe."

"Jirani."

"Si ameshakukubali? Mimi umenitakia nini hapa ukutani? Nenda pale chini ya dirisha, mwite."

"Nisikilize kwanza. Kesho wanakuita ofisini. Kibali wanakipa kwa aliyeishi humu, au kwa aliyeolewa na raia. Mimi ni raia. Tukioana hawakugusi."

Nilihisi uso unanichoma pamoja na baridi yote ile. "Kwa hiyo unanichumbia kwa ajili ya muhuri?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mimi nimeshona magauni ya maharusi maisha yangu yote, nimeona wanaolewa kwa tumbo, kwa shamba, kwa kuchoka kukaa kwao. Wa kuolewa kwa kibali cha ukaazi nilikuwa bado sijamwona. Na hata huo muhuri hutaki kunipa mimi. Unataka kumpa yule aliyekuwa anakuitikia. Mimi hunijui, hujui hata kama nakoroma."

"Unakoroma?"

"Nakoroma. Na nina hasira za asubuhi. Na chai ikipoa namwaga, simpi mtu."

Hapo ndipo tuliposikia. Juu, nyuma ya dirisha, cherehani ilianza kwenda. Ilikwenda kwa mwendo wangu: haraka kwenye mstari ulionyooka, taratibu kwenye kona, kisha inasimama kidogo kukata uzi.

"Wifi!" sauti ilitoka jikoni. "Umepanda juu saa ngapi?"

"Niko hapa bustanini, wifi," nilijibu.

Jikoni kikasikika kifuniko kikidondoka.

Niliinua macho. Nyuma ya kioo chenye ukungu niliona kiwiko cha mkono na shingo iliyoinama. Mama yangu husema ninapoinamia cherehani nainama kama ndege anayekunywa maji, na sikuwahi kuelewa mpaka pale. Hakututazama. Alikuwa anashona tu, na alionekana hana haraka ya jambo lolote duniani. Nikashika ukuta.

Seremala naye alikuwa anatazama, lakini si kwa mapenzi. Alikuwa anaogopa.

"Unaona?" alisema kwa sauti ya chini. "Yule hajawahi kunibishia. Nikisema mvua itanyesha, anasema itanyesha. Nikisema hainyeshi, anasema hainyeshi. Nilipomwambia nampenda akanijibu palepale, bila hata kuacha kushona. Nilirudi ndani nikajifungia, na sikujua naogopa nini. Mwanamume anaambiwa anapendwa, halafu anakwenda kutia komeo mlangoni." Alivuta pumzi. "Leo umefika, umenigombeza hapa hapa ukutani. Umenifokea wifi yako akisikia. Na mimi ndiyo kwanza napumua."

Juu, cherehani ilisimama kukata uzi.

"Mimi sikuchumbii kwa ajili ya muhuri," alisema. "Muhuri nimeutaja kwa sababu niliogopa kutaja hilo jingine."

Wifi alitokea mlangoni na mwiko mkononi, kama mtu aliyejitayarisha kupigana na asijue apigane na nani. Macho yake yalikwenda dirishani, yakarudi kwangu, yakaenda dirishani tena.

"Maongezi yameisha," alisema. "Tunalala hotelini."

Asubuhi, tukinywa chai kwenye hoteli ya stendi, wifi hakugusa mkate wake. Nilidhani atanikumbusha kaka yake, kwamba udongo wa kaburi bado mbichi, kwamba wataonaje watu. Alianza kweli kwa kaka yake, lakini hakumaliza nilikotarajia.

"Tangu tumzike kaka, mwezi baada ya mwezi nimekuwa nakuja kwako kukujulia hali," alisema. "Unaitikia, unanipa kiti, unanipa chai. Lakini nikitoka najiona kama nimesalimia gauni lililotundikwa. Nilimwambia mama yako, huyu mtu hayumo humu. Mama akasema ni msiba. Haya. Sasa nimeona ulikokuwa."

"Unasema mambo gani, wifi?"

"Uliyekaa kwetu ndiye alikuwa kivuli. Wewe mwenyewe ulikuwa huku, unashona dirishani."

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilijua ni kweli. Siku zote zile, mteja akisimama mbele yangu apimwe kiuno, mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumba kile cha juu. Nilikuwa naona ukungu ukishuka. Nilikuwa nasikia randa ya jirani. Wateja waliniita mara mbili mbili kabla sijageuka.

"Na huyo seremala," wifi aliongeza, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari, "ana macho mazuri. Sijasema kitu. Nimesema ana macho."

Afisa wa ukaazi alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti zito ndani ya ofisi. Nyuma yake ukutani palikuwa na alama nyeupe ya pembe nne, mahali picha ya mkubwa wa zamani ilipokuwa; ya mkubwa mpya ilikuwa bado haijaletwa. Seremala aliambiwa asubiri kwenye korido. Wifi alikaa pembeni yangu, mkoba juu ya magoti.

"Shauri lako ni jepesi," afisa alisema. "Mama wa mikate amekuja kusema ulikuwepo. Dobi amesema. Posta wamesema. Jirani yako amesema. Sijapata mgeni mwenye mashahidi kama wewe. Nijibu tu mwenyewe: uliishi katika nyumba ile msimu wote wa baridi?"

Muhuri ulikuwa mkononi mwake tayari. Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza. Neno lilikuwa moja, jepesi, na hata wenyeji walikuwa wameshanisemea. Lakini nilimwona mwanamke yule na shingo yake iliyoinama, akiitikia kila alichoambiwa. Nikijibu ndiyo, nitakuwa nimejiunga naye. Nitaishi katika nyumba aliyoishi yeye, na nitapendwa kwa maneno aliyoyasema yeye.

"Hapana," nilisema. "Sikuwepo."

Wifi alifumba macho.

Afisa aliuweka muhuri chini. Alinyanyuka akafunga mlango wa korido, akarudi akakaa, na sauti yake ikabadilika.

"Aliyekuwepo ni nani?"

"Ni mimi pia. Lakini mimi sikuwepo."

Nilitarajia aniite mwendawazimu. Yeye aliinama akasugua viganja vyake juu ya jiko dogo la mkaa lililokuwa chini ya meza.

"Wewe si wa kwanza," alisema. "Vijana wangu wanakwenda kubandika utepe, wanakuta mtu ndani anaosha vyombo. Wanarudi kuita askari. Askari wakifika hakuna mtu, na vyombo vimekauka. Tukiuliza wenyewe wako wapi, tunaambiwa wako kwao, ng'ambo, wanazililia nyumba zao." Alinitazama. "Wengine wote niliowauliza walisema ndiyo, walikuwepo. Nikawapa vibali. Sasa hivi siwezi kutofautisha nani yumo na nani hayumo. Vijana hawataki tena kupita mitaa ile."

Nje mtu alipita akiburuta ngazi.

"Nitakupa kibali cha msimu mmoja, kuanzia leo," alisema. "Lakini ukae kweli. Ukivuka mpaka, kimekufa. Na huo mpaka, mama, sikudanganyi, sijui utakuwa wazi mpaka lini."

Niligeuka kumtazama wifi. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi, naye hata hayafuti.

"Nitamwambia nini mama?" aliniuliza. "Tumekuja wawili, narudi peke yangu."

"Mwambie nipo."

"Upo wapi?"

"Mwambie tu nipo."

Alitoa kitambaa, akapenga kamasi, akamgeukia afisa. "Gonga, dada," alisema. "Gonga kabla hatujabadilisha mawazo."

Kwenye korido seremala alisimama aliponiona. Kofia yake ilikuwa imejikunja mikononi kama nguo ya kukamuliwa.

"Umesemaje?"

"Nimesema sikuwepo."

"Wamekunyima."

"Wamenipa msimu mmoja."

Alitikisa kichwa taratibu, macho chini. Kisha akayainua. "Na mimi? Umenipa nini?"

"Nimekupa huo huo. Tuone kama utanivumilia."

"Nitakuvumilia."

"Usikubali haraka."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Sura nzima ilimfunguka. Alininyooshea mkono, akasita katikati, kwa sababu mkono ule ulikuwa umeshakataliwa. Niliupokea. Ulikuwa mkavu, una magamba ya gundi, una moto. Wifi alijifanya kusoma tangazo la ukutani, na tangazo lenyewe lilikuwa juu chini.

Tulipofungua nyumba, ilikuwa baridi kama nyumba yoyote iliyofungwa. Harufu ya pasi haikuwapo. Vumbi lilikuwa juu ya kila kitu, vumbi la siku nyingi, hata kwenye kile kiti cha juu. Sindano ya cherehani ilikuwa tupu. Seremala aliwasha jiko, mimi nikafagia, wifi akalia kidogo na kula sana. Mchana basi lake likaja. Alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, akamwambia seremala, "Ukimliza nitavuka hata kama mpaka wameujengea ukuta," akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili ili asinione.

Simu ilikuja baada ya wifi kufika nyumbani. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, dirisha wazi, randa inakwenda upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mama. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko huku, Mama. Jikoni. Wifi hajakwambia?"

"Ameniambia. Nakuuliza tena. Una hakika uko huko?"

Nikaweka kisu chini. "Kwa nini, Mama?"

"Nimekuja kwako kufungua madirisha hewa ipite. Umekaa kwenye cherehani."

Randa ilikuwa bado inakwenda. Nilishikilia meza.

"Amevaa nini?"

"Lile gauni lako la msiba."

"Anakwambia kitu?"

"Hasemi. Analia. Analia kimya kimya huku anashona. Machozi yanadondoka kwenye kitambaa, na kitambaa hakilowi."

Nilijigusa shavu. Vitunguu vyote vile nimevikata, na shavu langu lilikuwa kavu. Nikajaribu kumkumbuka mume wangu, uso wake, namna alivyokuwa akinicheka kwa vikombe. Nilimkumbuka vizuri, na nilimpenda, na hapakuniuma mahali.

"Mama," nilisema, "nirudi?"

Nilisikia mlango ukifungwa polepole. Nilisikia kiti kikivutwa sakafuni, na mama akishusha pumzi kama anavyofanya kila anapokaa, magoti yakimuuma.

"Kaa huko," alisema. "Huyu nitambembeleza mimi."